Daftari la Polisi na Neno la Mlalamishi: Njia za Kuchunguza Ukaguzi wa Kumbukumbu za Wizi wa Mifugo katika Ntimaru

Ntimaru ni mji mdogo ulio mashariki ya Ukuria, katika Kaunti ya Migori, karibu sana na mpaka wa Kenya na Tanzania. Nchi inayouzunguka ni Bwirege, nchi ya Abairege, na hicho ni kimojawapo cha ibiaro vinne vya Wakuria wa Kenya. Vingine ni Bugumbe, Bukira na Bunyabasi. Kusini, ng'ambo ya mstari uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wapo Abairege wengine ambao leo ni raia wa Tanzania. Mashariki wako Wamaasai wa Transmara. Kwa hiyo mtu anayeamka asubuhi akakuta zizi lake tupu huwa na njia tatu za kufuata nyayo, na kila njia humfikisha kwenye mamlaka nyingine, daftari jingine, na aghalabu lugha nyingine.

Wizi wa mifugo katika eneo hili si jambo lililosahauliwa na wataalamu. Paul Asaka Abuso aliandika historia ya Abakuria mwaka 1980. David Anderson alichunguza wizi wa mifugo katika Kenya ya kikoloni kwa makala yake ya mwaka 1986. Michael Fleisher alitoa kitabu kizima mwaka 2000 juu ya Wakuria wa upande wa Tarime, na Suzette Heald ameandika juu ya mabaraza ya ulinzi wa jadi pande zote mbili za mpaka. Kazi hizo zimeeleza vyema sababu za wizi na mabadiliko yake, hasa jinsi ng'ombe aliyekuwa akitwaliwa kwa ajili ya mahari na sifa alivyogeuka kuwa bidhaa ya soko. Lililobaki nyuma ni suala la daftari lenyewe: ni nani aliyeandika, aliandika aliyoyasikia kwa lugha gani, na ni nani aliyepita baadaye kukagua yaliyoandikwa.

Neno ukaguzi lina maana mbili hapa, na hapana budi zitenganishwe. Kwanza ni kazi ya afisa anayefungua madaftari ya kituo ili aone kama yamejazwa ipasavyo. Pili ni kazi ya mtafiti anayekuja miaka mingi baadaye na kuuliza kama ukaguzi ule wa kwanza uligusa jambo la maana. Hoja ya makala haya ni kwamba ukaguzi wa kwanza, tangu zama za ukoloni, umekagua tarakimu na kuliacha neno. Na kwamba mtafiti anayezihesabu tarakimu hizo bila kulifuata neno toka kinywani mwa mlalamishi hadi kwenye safu ya daftari atakuwa anahesabu kitu kisichojulikana.

Uandishi wa wizi katika zama za ukoloni

Boma la Kisii lilianzishwa mwaka 1907, na kwa miaka mingi Ukuria wa Kenya ulitawaliwa kutoka huko, ukiwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo ya Kusini. Majalada ya wilaya hiyo yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, chini ya alama DC/KSI: taarifa za mwaka, taarifa za kukabidhiana ofisi, na vitabu vya siasa ya wilaya. Mtafiti anayeanza hapo huona haraka majedwali ya makosa, na kishawishi cha kuyanakili ni kikubwa. Akizuie kwanza.

Polisi wa koloni walikuwa zaidi mijini, kando ya reli, na kwenye mashamba ya walowezi. Katika maeneo waliyotengewa Waafrika kazi ya kukamata na kuleta mashtaka ilikuwa ya machifu na watu wao, wale ambao wananchi waliwaita askari kanga, na ambao walipewa sheria yao wenyewe mwaka 1929. Maana yake ni kwamba habari ya ng'ombe aliyeibwa Bwirege haikuanzia kwenye daftari la polisi hata kidogo. Ilianzia kwa mzee wa mahali, ikafika kwa chifu, ikasemwa barazani mbele ya Mkuu wa Wilaya au msaidizi wake, na mwishowe, kama haikufia njiani, ikaingia katika taarifa ya mwezi au ya mwaka. Tarakimu iliyo katika jedwali la Kisii ni hesabu ya habari zilizofika Kisii. Si hesabu ya wizi.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Sheria ya adhabu ya pamoja ya mwaka 1909 ilimpa mtawala uwezo wa kuwatoza faini watu wote wa mahali pamoja kwa kosa la wachache, na sheria ya wizi wa mifugo na mazao ya mwaka 1913 iliweka faini iliyoweza kufikia mara kumi ya thamani ya mali iliyoibwa. Fikra ya kuwawajibisha wakazi wa mahali zinapoishia nyayo za wanyama haikuzaliwa Kenya. Ilikwisha kutumika katika Koloni ya Cape, kusini mwa Afrika, tangu karne ya kumi na tisa. Lakini popote ilipotumika iliufanya uandishi uwe na bei. Mara tu ilipoandikwa kwamba nyayo ziliishia kwa fulani, kijiji kizima kiliweza kunyang'anywa mifugo. Mlalamishi alikuwa na sababu ya kuongeza idadi ya ng'ombe wake. Chifu wa upande wa pili alikuwa na sababu ya kukana kila kitu. Na mkalimani aliyesimama katikati yao alikuwa na mamlaka ambayo hakuna sheria iliyompa.

Je, nani alikagua? Chini ya sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1930, na baadaye sheria ya mahakama za Kiafrika ya mwaka 1951, afisa wa wilaya alikuwa na wajibu wa kuvipitia vitabu vya kesi. Alitafuta nini humo? Ada na faini zilikuwa mapato ya hazina ya mahali, na kwa hiyo safu ya fedha ilikuwa na mwenyewe wa kuiulizia. Stakabadhi ikikosekana, swali liliulizwa. Lakini kama neno la mlalamishi lilibadilika kati ya kinywa chake na kalamu ya karani, hapakuwa na safu ya kuonyesha badiliko hilo, wala mkaguzi hakuwa na lugha ya kulitambua. Mahakama hizo za Kiafrika zilifutwa kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1967, na pamoja nazo kikaondoka kitabu ambacho kilikuwa karibu zaidi na usemi wa wananchi kuliko kingine chochote cha dola.

Safari ya neno

Daftari kuu la kituo cha polisi nchini Kenya ni kitabu cha matukio, kile ambacho wananchi wa kila kabila wanakiita kwa herufi zake mbili, OB. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 humtaka mkuu wa kituo aweke kumbukumbu za malalamiko na mashtaka yote. Kitabu hicho kina kanuni zake: kila tukio lina nambari na saa yake, maandishi hufuatana bila nafasi tupu, na kosa la kalamu hukatwa kwa mstari mmoja ili lililokatwa liendelee kusomeka. Kwa macho ya mwanahistoria kanuni hizi ni neema. Nambari iliyorukwa, saa iliyorudi nyuma, mwandiko uliobanwa kati ya mistari miwili: hayo yote ni ushahidi, na yanaweza kuchunguzwa hata na mtu asiyejua neno moja la Kikuria.

Lakini ukaguzi wa aina hiyo ukishakamilika kazi ndiyo kwanza inaanza. Mlalamishi wa Ntimaru, hasa akiwa mzee au mwanamke ambaye hakusoma, husema kwa Kikuria. Konstebo, ambaye kwa desturi ya kazi hupelekwa mbali na kwao, husikiliza kwa Kiswahili, ama moja kwa moja ama kwa msaada wa mtu aliye karibu. Kisha huandika kwa Kiingereza. Lugha ya kati haionekani kabisa katika maandishi, nayo ndiyo iliyobeba mzigo wote.

Chukua mfano wa saa. Msemaji akisema kwamba ng'ombe walitoka zizini saa nane usiku, Kiswahili hakina utata wowote. Daftari hutaka saa ishirini na nne. Konstebo mwangalifu ataandika saa mbili baada ya usiku wa manane. Aliyechoka ataandika saa nane kama alivyoisikia, na hapo wizi wa usiku umekuwa wizi wa asubuhi kweupe. Siku nayo ina mtego wake. Kwa Mswahili wa pwani, usiku wa Jumanne ni ule unaokuja kabla ya mchana wa Jumanne. Kwa hesabu ya kizungu ni ule unaoufuata. Tofauti ya saa sita na tofauti ya siku nzima si mambo madogo kwa mshtakiwa ambaye utetezi wake ni kwamba alikuwa kwingine.

Makosa ya namna hii yanaweza kukaguliwa, tena bila gharama. Mtafiti aorodheshe saa zote zilizoandikwa katika matukio ya wizi wa zizini kwa mwaka mmoja, kisha atazame kama kuna kundi lisilo la kawaida la wizi kati ya saa saba na saa kumi na moja za Kizungu asubuhi, wakati ambapo mifugo imekwisha kutolewa malishoni. Likiwapo, atoe saa sita kutoka kila moja na kuona kama kundi hilo linaungana na lile la usiku. Tena, umri wa mwezi kwa tarehe yoyote ya miaka iliyopita unaweza kukokotolewa. Shahidi aliyesema kwamba aliwatambua wezi kwa mbalamwezi, katika usiku ambao mwezi haukuwako angani, ama alisema uongo ama tarehe yake iliandikwa vibaya. Aghalabu ni afadhali kuishuku tarehe kwanza.

Nyakati za vitenzi nazo zinapotea. Kikuria, kama lugha nyingine kadha za Kibantu za eneo la Ziwa, hakina wakati mmoja tu uliopita. Umbo la kitenzi hutofautisha lililotendeka muda si mrefu na lililotendeka siku za nyuma. Kiswahili hutumia -li- kwa yote mawili na kumwachia msikilizaji aulize. Kama konstebo hakuuliza, taarifa iliyotolewa ndani ya saa chache na ile iliyocheleweshwa kwa siku nne zitafanana, na mkaguzi atakayekuja kupima kama polisi walitoka kituoni kwa wakati hatakuwa na kipimo.

Zito kuliko yote ni uchaguzi wa kitenzi chenyewe. Kiswahili kina kuiba, kupora, kunyang'anya, kuvamia, kuswaga. Na msemaji wa Kikuria anayejieleza kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani ataweza kutumia kuiba kwa yote. Sheria ya Kenya haikubali ulegevu huo. Kuiba mifugo, kwa kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, huleta kifungo kisichozidi miaka 14. Unyang'anyi wa kutumia nguvu, kwa kifungu cha 296, fungu la pili, huleta hukumu ya kifo. Kundi la vijana lenye silaha lililovunja zizi na kuswaga ng'ombe linaweza kuingia katika kifungu chochote kati ya hivyo viwili, na hatua ya kwanza ya kuchagua hutendeka pale mezani, kwa neno moja, kabla ya mwendesha mashtaka kuliona jalada. Mtafiti anayelinganisha idadi ya wizi na idadi ya unyang'anyi kutoka mwaka hadi mwaka, na kusema kwamba ukatili umezidi au umepungua, pengine anapima tu kuhamishwa kwa konstebo mmoja na kuletwa kwa mwingine.

Mwaka 1963 John Kitsuse na Aaron Cicourel, wanasosholojia wa Marekani, walionya kwamba takwimu rasmi za makosa ni mazao ya ofisi zinazozitunga, na kwamba ofisi hizo ndizo zinazopaswa kuchunguzwa. Onyo lao lilitolewa katika nchi ambayo mlalamishi, polisi na hakimu husema lugha moja kwa sehemu kubwa. Katika Ntimaru linapaswa kuzidishwa mara tatu.

Dawa iliyopo ni kulifuata tukio moja kupitia maandishi yake yote: kitabu cha matukio, daftari la mahabusu, daftari la vielelezo, taarifa za mashahidi, barua za chifu, kibali cha kuhamisha mifugo kutoka idara ya mifugo, na mwishowe kumbukumbu za hakimu, kwa mfano wa mahakama ya Kehancha. Mahakama za chini za Kenya huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyeelewa ana haki ya mkalimani. Kwa hiyo hakimu anapoandika kwamba shahidi alisema kwa Kikuria, hapo ndipo lugha iliyofichwa kituoni hujitokeza tena. Matukio kumi yaliyofuatwa hivi yana faida kuliko elfu moja yaliyohesabiwa.

Jina la mtu na nyumba ya ng'ombe

Mtafiti anayetaka kuliunganisha daftari moja na jingine hutegemea majina. Katika Ukuria tegemeo hili ni legevu. Mwita, Chacha na Marwa kwa wanaume, Boke, Gati na Robi kwa wanawake, ni majina yanayorudiwa katika kila ukoo, na jina la pili huwa ni la baba ambaye naye ni Mwita au Chacha. Watu watatu tofauti wanaweza kuandikwa kwa jina moja katika mwezi mmoja, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kosa hili lina watu ndani yake: aliyewahi kuandikwa mara moja kuwa mshukiwa huwatwisha wenziwe wa jina moja sifa yake.

Tahajia huongeza tatizo. Jina lile lile huandikwa Boke upande wa Kenya na Bhoke upande wa Tanzania. Robi huwa Rhobi. Watu wenyewe ni Wakuria hapa na Wakurya kule, na katika maandishi ya zamani ya Kenya huitwa Watende, kiasi kwamba anayetafuta neno Kuria pekee katika faharasa atadhani miaka ile hawakuwapo. Bwirege huandikwa pia Buirege. Sauti za lugha zina mchango wao: kiambishi cha ngeli ya ki- katika Kikuria hugeuka kuwa ge- mbele ya konsonanti isiyo na ghuna, kama katika egesaku, sehemu ya ukoo, ilhali ikiaro hubaki na k yake. Badiliko hili, ambalo wanaisimu hulijua kama Sheria ya Dahl na ambalo limo pia katika jina Gĩkũyũ, linatosha kulipeleka neno moja kwenye herufi mbili za faharasa. Hapa mwanaisimu ana kazi ambayo mtakwimu hawezi kuifanya: kutunga jedwali la tahajia zinazowezekana kabla ya upekuzi kuanza.

Kisha kuna safu ya mwenye mali. Sheria hudai ng'ombe awe na mwenyewe, naye awe mmoja. Katika desturi ya Wakuria mifugo iliyopatikana kwa mahari ya binti ni ya nyumba ya mama yake, na inakusudiwa kumwolea mke ndugu yake wa tumbo moja. Baba huisimamia tu, na akiitumia kwa nyumba nyingine huleta ugomvi wa miaka. Lakini kituoni hufika baba, na jina lake ndilo linaloandikwa. Ng'ombe wakipatikana, hukabidhiwa yeye. Hivyo daftari lililojazwa bila dosari yoyote, lenye nambari, saa na sahihi, laweza kuwa chombo cha kuhamisha mali kutoka nyumba moja hadi nyingine. Hakuna mkaguzi wa kituo atakayeliona hilo, kwa sababu hakuna kanuni iliyovunjwa. Mtafiti ataliona tu akiuliza, kwa kila ng'ombe aliyerejeshwa, aliingiaje zizini hapo mwanzo. Swali hilo liulizwe kwa wanawake wa boma. Wanaume huwa na jibu fupi mno.

Ng'ambo ya mpaka

Mpaka wa mwaka 1886 ulipoligawa eneo la Abairege uliligawa pia daftari lao. Utawala wa Kijerumani, uliokuwa na kituo chake Shirati kando ya Ziwa, ulikitumia Kiswahili katika ngazi za chini za serikali, na Waingereza walioupokea baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuuvunja mtindo huo. Wilaya iliitwa Mara ya Kaskazini, makao yake yakiwa Tarime. Baada ya uhuru, na hasa tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipanda hadi ofisi za juu, na mahakama za mwanzo za Tanzania huendesha kazi zake kwa Kiswahili.

Matokeo yake ni jambo ambalo wataalamu wa lugha wangelitamani kama lingekuwa limetengenezwa kwa majaribio: watu wa ukoo mmoja, wenye lugha moja na ng'ombe wa rangi zile zile, ambao malalamiko yao huandikwa kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili. Upande wa Tarime neno la mlalamishi limevuka daraja moja tu. Maneno kama kupora na kunyang'anya yamebaki na tofauti zake, na saa nane imebaki saa nane. Ng'ombe walioibwa Ntimaru wakapatikana ng'ambo, au kinyume chake, huacha alama katika madaftari yote mawili, na ulinganisho wa jozi kama hizo ndio mtihani bora wa kupima ni kiasi gani tafsiri ya Kiingereza imeongeza au imepunguza. Ni kazi inayohitaji vibali viwili na subira ya namna mbili. Watafiti wengi huishia upande waliouanzia, na hilo limeidhoofisha elimu ya eneo hili kuliko upungufu wowote wa nadharia.

Majalada yasiyokuwapo

Juu ya kumbukumbu zilizopotea yamesemwa mengi, na sehemu yake ni kweli. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza zisiachwe mikononi mwa serikali mpya. Majalada yalitengwa kwa mafungu mawili, ya kurithiwa na ya kufichwa. Mengine yalichomwa, mengine yakasafirishwa. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, ilibainika kwamba takriban majalada 1,500 kutoka Kenya yalikuwa yamehifadhiwa kwa siri Hanslope Park. Mengi yanahusu Hali ya Hatari. Mtafiti wa Ntimaru asiweke matumaini makubwa huko. Adui wa daftari la kituo cha mashambani ni wa kawaida zaidi: mchwa, paa linalovuja, na afisa anayehitaji kabati. Sheria ya nyaraka ya mwaka 1965 iliweka utaratibu wa kuhifadhi na wa kuteketeza kumbukumbu za serikali, na kwa kawaida nyaraka hufunguliwa zikishatimiza miaka 30. Orodha za uteketezaji, pale zilipotunzwa, zisomwe kabla ya kitu kingine chochote. Humwonyesha mtafiti kile ambacho ofisi yenyewe ilikiona hakina maana, na maoni hayo ni historia pia.

Baraza lenye kumbukumbu zake

Kando ya daftari la dola kuna iritongo, baraza la watu wa mahali linalosikiliza mashauri hadharani, na inchama, baraza la siri la wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya sungusungu vilianza katika Usukuma na Unyamwezi, vikaenea Tanzania, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mfano wao ulitumika Ukuria wa Kenya kuliimarisha iritongo dhidi ya wezi wa mifugo, kwa ridhaa ya watawala wa wilaya. Heald ameieleza historia hiyo kwa kirefu. Kwa mtafiti wa kumbukumbu ni fursa ya pekee, kwa kuwa katika iritongo mashtaka, majibu na hukumu husemwa kwa Kikuria mbele ya watu wanaomjua mshtakiwa, mama yake, na asili ya ng'ombe wake. Jan Vansina alionyesha tangu mwaka 1961 kwamba masimulizi ya mdomo yana kanuni zake za ukaguzi, na kanuni hizo zinafaa hapa: nani alisema, alisikia kutoka kwa nani, na alikuwa na faida gani.

Lakini pasiwe na ushabiki. Ungamo lililotolewa kwa kipigo haliwi kweli kwa sababu lilisemwa kwa lugha ya mama. Katika mabaraza ya aina ya sungusungu kipigo kimekuwapo, na mtafiti anayekinukuu kisa cha iritongo bila kuuliza mshtakiwa alihojiwaje amefanya kosa lile lile la afisa wa Kisii aliyetazama stakabadhi. Ya inchama yaachwe palipo. Kuna siri ambazo zikiandikwa huua, na majina ya washukiwa wa miaka ya karibuni, katika nchi ambayo Abairege na Abanyabasi wamewahi kuchomeana nyumba kwa ajili ya ng'ombe, hayana nafasi katika makala ya chuo.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 ukaguzi wa polisi nchini Kenya umepata taasisi mpya. Mamlaka Huru ya Usimamizi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hukagua vituo na mahabusu, na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 imempa raia njia ya kuomba kumbukumbu ambazo zamani zilikuwa za ofisi tu. Mpango wa kukihamisha kitabu cha matukio kwenye kompyuta nao umeanza. Haya ni maendeleo, ingawa yana hatari ambayo wanaisimu wangepaswa kuisema mapema: kompyuta hupenda aina ya kosa ichaguliwe kutoka orodha, ilhali daftari la karatasi lilimruhusu konstebo aandike sentensi kwanza na kuamua jina la kosa baadaye. Neno lililopotea katika sentensi laweza kukisiwa kutokana na majirani zake. Lililopotea katika orodha halina majirani.

Kwa sasa upo ushahidi mwingine unaopungua kila mwaka. Wakuria wametumikia kwa wingi katika jeshi na polisi tangu zama za King's African Rifles, na wapo wastaafu, Bwirege na kwingineko, waliokaa mezani na kuandika vitabu vya matukio katika miaka ya 1970 na 1980. Wao wanajua jinsi saa nane ilivyoandikwa, ni neno gani mkuu wa kituo alilikataa, na tukio la namna gani liliambiwa lisubiri hadi kesho. Waulizwe sasa, tena kwa Kikuria, kabla ya madaftari yao kufunguliwa, ili kila mstari utakaposomwa baadaye uwe na sauti ya kulinganishwa nayo.